Kitenzi "take": hatua za kutambua maana yake na kuchagua kisawe kinachofaa

Mteja anamuuliza mwenye duka pale Busia: "Do you take mobile money?" Mtafuta kazi anaandikiwa: "The interview will take place on Friday." Mgonjwa anaambiwa na daktari: "Take two tablets three times a day," kisha muuguzi anaongeza: "Let me take your blood pressure." Sentensi nne, kitenzi kimoja, na hakuna hata moja inayokubali tafsiri ya "chukua". Ya kwanza ni kukubali malipo, ya pili ni kufanyika, ya tatu ni kumeza, ya nne ni kupima.

Mwongozo huu ni wa wale wanaozungumza Kiswahili nchini Uganda na kukihitaji Kiingereza kazini au darasani: askari wa Tororo, mfanyabiashara wa mpakani, kijana wa kambi ya Nakivale anayejiandaa kwa mtihani, mwalimu anayetaka kueleza jambo hili vizuri zaidi. Shika jambo moja tangu mwanzo: visawe ni vya maana, si vya kitenzi. Ukikariri kwamba "take" ni "get, carry, seize, accept, steal", umebeba mzigo usio na kamba. "Accept" haiwezi kukaa mahali pa "carry", na "steal" itakukosanisha na jirani pale ulipotaka kusema amebeba tu.

Andaa daftari la safu nne: sentensi nzima, maana yake kwa Kiswahili, kisawe cha Kiingereza, na kosa la kuepuka. Uwe pia na kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ile inayopanga maana kwa namba na kuweka mfano chini ya kila moja. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili peke yake haitoshi kwa kitenzi hiki, kwa sababu mara nyingi hukupa rundo la maneno bila kukuonyesha lipi linakaa wapi.

Hatua ya 1: Maumbo kwanza

Maumbo ni "take", "took", "taken" na "taking". Makosa yanayojirudia ni mawili. La kwanza ni "I have took". Baada ya "have", "has", "had", na baada ya "was" au "were" katika kauli ya kutendwa, umbo ni "taken". La pili ni "I didn't took". "Did" imeshabeba wakati uliopita, kwa hiyo kitenzi kinarudi kuwa "take". "Taked" haipo kabisa.

Kitenzi hiki hakikuwa cha Waingereza tangu asili. Kilitoka kwa watu wa Skandinavia waliovamia na kuhamia Uingereza, ambao walisema "taka". Waingereza wa kale walikuwa na neno lao, "niman", ndugu wa "nehmen" ya Kijerumani, lakini likazidiwa nguvu hadi likatoweka. Limeacha alama katika "numb", neno la kiungo kilichokufa ganzi: kiungo kilichochukuliwa hisia zake.

Hatua ya 2: Anza na kinachofuata kitenzi

Ziba "take" kwa kidole, kisha soma neno linalopokea tendo. Ukiona "tablets", ni kumeza. "Photo", kupiga. "Oath", kula kiapo. "Exam", kufanya. "Bus", kupanda. "Minutes" za kikao, kuandika. "Temperature", kupima. "Seat", kuketi.

Mzungumzaji wa Kiswahili hapaswi kuogopa jambo hili, maana analo nyumbani. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga picha, na hakuna anayeuliza nani ameumia. "Piga" imeachia maana yake neno linaloifuata. "Take" inafanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo katika daftari usiandike kamwe "take = chukua". Andika "take a photo = piga picha", "take an oath = kula kiapo". Kipimo kizuri ni jozi tano kwa siku. Ukizidisha hapo, utachanganya.

Hatua ya 3: Jiulize kama kuna kitu kinachohama

Kama kuna mtu au kitu kinachotoka mahali kwenda pengine, uko kwenye maana ya msingi, na hapa swali ni mwelekeo. "Bring" ni kuleta, yaani kuja alipo msemaji au msikilizaji. "Take" ni kupeleka, yaani kwenda kwingine. Kiganda kina "okuleeta" na "okutwala" kwa mgawanyo huohuo, kwa hiyo upande huu ni mwepisi kwa wengi wetu.

Ugumu unaletwa na "chukua", kwa sababu haina mwelekeo. "Nenda ukamchukue mtoto shuleni" ni maneno ya kila siku. Mtu akiyageuza kuwa "Go and take the child from school", Mwingereza anaweza kuelewa kwamba mtoto anaachishwa shule. Kitenzi sahihi ni "collect" au "pick up". Na hiyo "up" usiiache. Kampala utasikia "I will pick you at the stage" na "He didn't pick my call", na kila mtu anaelewa, lakini katika Kiingereza sanifu "pick" bila "up" ni kuchuma au kuchagua: unachuma kahawa, unachagua rangi. Mtu unampitia kwa "pick up", na simu unaipokea kwa "pick up" au "answer".

Visawe vya maana hii hutegemea namna ya kupeleka. Kubeba mikononi au kichwani ni "carry". Kufikisha mzigo kwa mwenyewe ni "deliver". Kwenda na kurudi nacho ni "fetch". Kumpeleka mtu kwa gari ni "drive". Kumwongoza asiyejua njia ni "lead" au "guide". Kumsindikiza mgeni hadi steji ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu tumezoea kusema "Let me escort you" au "Let me give you a push". "Escort" katika Kiingereza cha kwingine inanuka ulinzi: polisi humsindikiza mfungwa, msafara wa rais husindikizwa na pikipiki. Kwa mgeni wako wa kawaida sema "I'll walk you to the stage". Hiyo "push" iache kwa marafiki wa hapahapa. Mgeni atadhani unataka kumsukuma.

Kuna pia kuchukua kwa kunyang'anya. Mji ukichukuliwa kwa vita, Kiswahili kinasema umetekwa na Kiingereza kinasema "captured": "The NRA took Kampala in January 1986" inaweza kuandikwa "captured Kampala" bila kubadili habari (NRA lilikuwa jeshi la msituni la Yoweri Museveni). Medali ikichukuliwa, kisawe ni "win": Joshua Cheptegei "took gold" katika mbio za mita 10,000 Paris mwaka 2024, na John Akii-Bua "took gold" katika mita 400 kuruka viunzi Munich mwaka 1972. Ukiweka "captured" kwenye medali, sentensi itaonekana imetiwa chumvi. Ukiweka "won" kwenye mji, ni kosa.

Mali ikichukuliwa bila ruhusa, "take" ni neno la upole na "steal" ndilo kavu. Hapa sarufi yetu inatutega. Tunasema "waliniibia simu", na kiambishi cha kutendea kinaeleza kwamba hasara ilinipata mimi. Mwanafunzi akiandika "They stole me a phone", amesema waliiba simu wakaniletea mimi! Sema "They stole my phone". Ukitaka kumtaja aliyeibiwa, tumia "rob": "They robbed me." Kinachoibwa huenda na "steal", anayeibiwa huenda na "rob". "They robbed my phone" ni kosa.

Mtego huohuo upo katika "nichukulie maji". Si "take me water". Ni "get me some water" au "fetch me some water".

Hatua ya 4: Tazama kama sentensi inaanza na "it" na kutaja muda au hitaji

"It takes an hour." "It took us the whole day." Mfumo ni huu: "it", kitenzi, mtu ukitaka kumtaja, muda, kisha "to" na kitenzi kingine. "It took me three hours to reach Jinja." Mtu anaweza kuachwa, muda hauachwi.

Kosa linalosikika sana ni "I used three hours", tafsiri ya moja kwa moja ya "nilitumia saa tatu". Kiingereza kinatumia "spend": "I spent three hours on the road." Angalia kwamba mwenye tendo amebadilika, "it" hutumia "take", mtu hutumia "spend". "It spent me" haipo. "Last" ni kisawe cha muda wa tukio lenyewe, bila mtu: "The meeting lasted three hours."

Saa zetu pia zinahitaji uangalifu. "Saa mbili" ya Kiswahili, sawa na "ssaawa bbiri" ya Kiganda, ni wakati wa siku na pia ni urefu wa muda. "Ndege iliondoka saa mbili asubuhi" ni "at eight o'clock". "Safari ilichukua saa mbili" ni "two hours". Kwenye muda wa siku unabadilisha kwa sita, kwenye urefu hubadilishi. Ukiona "take", ni urefu.

Jambo jingine dogo: "It takes long" inasikika vibaya kidogo. "Long" peke yake hupenda swali na ukanushi, kama "Does it take long?" au "It won't take long." Katika kukubali, andika "It takes a long time."

Pasipo muda, mfumo huohuo unaeleza hitaji. "It takes two people to lift this sack" ni "inahitaji watu wawili", na kisawe ni "need" au "require". "Require" ni ya barua na ripoti.

Hatua ya 5: Kama hakuna kinachohama wala muda, pima moyo na akili

Kundi hili lina maana tatu zinazofaa kutazamwa.

Kukubali: "We take mobile money" ni "accept". Tofautisha na "receive". Kupokea hakuhitaji ridhaa. Barua ya kazi inaweza kukufikia usiitake. "I received the offer but I did not accept it" ni sentensi safi kabisa. Nusu ya matatizo ya barua za kazi yangeisha watu wangeshika tofauti hii. Usichanganye pia na "agree", ambayo kwa kawaida haifuatwi na kitu moja kwa moja: "accept the offer", lakini "agree to the offer" au "agree with you".

Kuvumilia: "I can't take it any more." Visawe ni "stand", "bear", "endure", "tolerate", "put up with". "Stand" kwa maana hii haipendi kukubali. Husemi "I stand the heat" bali "I can't stand the heat". "Endure" ni ya mateso marefu, kama maradhi au vita. "Tolerate" ni ya tabia ya watu. "Put up with" ni ya mazungumzo, na ndiyo salama zaidi kwa shida ndogo za kila siku kama kelele za jirani.

Kudhani: "I took him for a policeman" ni nilimdhania askari, na kumbe sivyo. "I take it that you have paid" ni "nachukulia kwamba umelipa", kisawe "assume". Hapa "chukulia" yetu inalingana na Kiingereza vizuri, na "take it seriously" nayo ni "lichukulie kwa uzito". Furahia, maana nafasi kama hizi ni chache.

Hatua ya 6: Chakula, kinywaji, dawa

"Have you taken tea?" ni salamu ya kazi Uganda nzima. Si Kiingereza kibovu. Ni matumizi ya kanda yetu, na Waingereza wa zamani nao walisema hivyo. Leo wengi wao husema "have": "have tea", "have lunch", "have a soda". Ukiandikia mtu wa nje au mtahini, tumia "have", haikosei popote. "Eat" na "drink" zipo pale unapotaka kutaja kula na kunywa kwenyewe.

Kwa dawa, shikilia "take". "Eat medicine" na "drink medicine" zote hazifai, hata dawa ikiwa ya maji. "Swallow" ni kumeza kimwili tu: "Don't chew it, swallow it." Na "Do you take sugar?" mezani si kuuliza kama utabeba sukari. Unaulizwa kama unatia sukari katika chai yako.

Hatua ya 7: Angalia kijineno kinachofuata

"Off", "in", "up", "on", "over", "after" hubadilisha kila kitu, na hapo hatua zote za juu hazitumiki. Kijineno kikiwepo, soma viwili pamoja kama neno moja.

"Take off" ina kazi tatu kubwa. Nguo: kuvua, kisawe "remove", ambacho ni rasmi zaidi, ubao mlangoni unaweza kusema "Please remove your shoes" lakini mama nyumbani atasema "Take off your shoes". Kinyume chake ni "put on", na hapa pana kosa letu sugu: "She was putting on a red gomesi" kwa maana ya alikuwa amevaa. "Put on" ni tendo la kuvaa, dakika ile unapopitisha mikono. Ukishavaa, ni "wear": "She was wearing a red gomesi." Kiswahili kinatofautisha "anavaa" na "amevaa", tumia akili hiyohiyo. Ndege: kupaa, "The plane took off from Entebbe." Biashara: kushika kasi ghafla, kisawe "succeed" au "grow quickly".

"Take in" ni nzuri kwa kujipima, maana ina sura nne. Fundi cherehani "takes in" nguo, yaani anaipunguza upana. Mama mwema "takes in" yatima, yaani anampokea nyumbani. Mwanafunzi makini "takes in" somo, yaani linamwingia. Tapeli "takes people in", yaani anawalaghai. Visawe kwa mpangilio huo ni "make narrower", "give a home to", "absorb" na "deceive". Jaribu kubadilishana hivyo vinne uone vinavyokataa.

Vingine vinapita haraka. "Take after" ni kufanana na mzazi. Tumia "resemble", na usiongeze "with". "Take over" ni kushika usukani wa kazi au kampuni. "Take on" ni kuajiri au kubeba jukumu. "Take up" ni kuanza mazoea, au kujaza nafasi. "Take back" ni kurudisha kitu au kufuta kauli. "Take apart" ni kufungua mashine vipande vipande. "Take out" ni kutoa, na kwa pesa kisawe chake ni "withdraw": usiandike "I removed money from the bank" kwa sababu tu Kiswahili kinasema "nilitoa".

Kiwakilishi hukaa katikati: "take it off", "take them in". "Take off it" ni kosa. Isipokuwa "take after", ambayo haigawanyiki: "He takes after him."

Hatua ya 8: Kipitishe kisawe kwenye mitihani mitatu

Kwanza, kauli ya kutendwa. "Take place" haina kauli hiyo. "The wedding was taken place" ni kosa linaloumiza jicho. Andika "The wedding took place", au "was held" ukitaka kutendwa. Na kwa ajali usitumie "take place". Hiyo ni ya mambo yaliyopangwa. Ajali "happened" au "occurred".

Pili, urasmi. "Grab" ni ya kuparamia kitu haraka, haifai barua. "Seize" ni ya polisi na mahakama. "Obtain" ni ya fomu za ofisi.

Tatu, majirani wa neno. "Take a decision" na "make a decision" zote zipo, ya pili ikiwa ya kawaida zaidi. Lakini "take notes" ni kuandika mtu anaposema, na "make notes" ni kujitengenezea kutoka kitabuni. Kisawe kikifaulu mitihani miwili na kushindwa huu, kiache.

Mazoezi

Andika maana na kisawe kabla ya kusoma majibu.

"This taxi takes 14 passengers." "Take 15 from 40." "They took the Tirinyi road to Mbale." "She took the news badly." "The avocado grafts have taken." "We took on two drivers."

Ya kwanza ni kuenea, "hold" au "carry". Ya pili ni kutoa, "subtract", na jibu ni 25. Ya tatu ni kufuata njia, "follow" au "use". Ya nne ni kupokea kwa hisia, "react to" ndiyo iliyo karibu zaidi, na sentensi inageuka kuwa "She reacted badly to the news." Ya tano, vikonyo vimeshika, hakuna yambwa (neno linalopokea tendo) hapa, na kisawe ni "survive" au "join successfully", kutegemea unamwambia mkulima au mwanafunzi wa kilimo. Ya sita ni kuajiri, "hire" au "employ".

Ukikosa ya tano, rudia hatua ya 2. Ukikosa ya sita, tatizo ni hatua ya 7: umekisoma kitenzi na kukiacha kijineno chake.